Mvuje wa Masi

Ijumaa saa saba mchana ndiyo saa pekee ambayo mtaa wetu wa Kariakoo hunyamaza. Wanaume wengi wako msikitini, mikokoteni imeegeshwa, na maduka mengi yamevutwa milango nusu. Duka letu la vitambaa halikuwa likifungwa saa hiyo, kwa sababu sisi ni Wakristo kutoka Kilimanjaro, na duka la jirani la vifungo, nyuzi na zipu halikufungwa pia, kwa sababu wenyewe ni Wahindu. Milango wazi, mteja hakuna. Katika saa hiyo moja ya wiki ndipo nilipolishwa hadithi zote ninazozijua.

Mwenye duka la vifungo nimemwita Masi tangu sijaweza kutamka vizuri. Ni neno la Kigujarati, maana yake mama mdogo, dada wa mama, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kumwita hivyo. Kwenye ukuta uliotenganisha maduka yetu kulikuwa na kidirisha, ukubwa wake kama trei ya chai, ambacho wazee waliotutangulia walikitoboa kwa sababu zao. Mama na Masi walikitumia kupitishia chai, mkasi, maembe ya kukatakata na habari za watu. Siku ya Ijumaa walipitishia hadithi. Mama alikaa huku, Masi kule, kila mmoja akimwona mwenzake kuanzia kifuani kwenda juu, kama wasoma taarifa ya habari.

Mama hakuanza hadithi mpaka apige meza mara mbili kwa ile mita ya mbao ya kupimia kitambaa. Aliyoipenda kuliko zote ni ya nyati na yangeyange. Nyati alikuwa na rafiki mmoja tu duniani, ndege mweupe aliyekaa mgongoni mwake akila kupe. Fisi akawaona. Hakuwa na shida na nyama ya nyati wala ya ndege; kilichomuuma ni kwamba yeye, tangu azaliwe, hajawahi kukaliwa mgongoni na mtu. Akamwendea ndege akamwambia kwa huruma, nyati amekuchoka, siku ukimwona anatikisa sikio ruka haraka maana pembe inafuata. Kisha akamwendea nyati akamwambia kwa huruma vilevile, huyo hali kupe, anakunywa damu yako, na kama huamini tikisa sikio uone atakavyoruka kwa hatia. Sasa nyati, Mama alisema, kutikisa sikio ni kazi yake ya kila dakika, kwa ajili ya nzi. Akatikisa. Ndege akaruka. Kila mmoja akapata ushahidi wake, na urafiki wa miaka ukaisha kabla nzi hajatua tena.

Masi alikuwa na yake, aliyoisikia kwa bibi yake, ya mfalme na waziri na kinyozi. Kinyozi anamwonea kijicho waziri kwa kuwa mfalme humsikiliza. Anamnong'oneza waziri kwamba mfalme anaona taabu na pumzi yake, ni vizuri afunike mdomo kwa kitambaa anapozungumza naye. Halafu, huku akimnyoa mfalme, anasema waziri wako anatangaza mjini kwamba kinywa chako kinanuka, utamwona anavyojifunika. Waziri anaingia, amejifunika, kwa adabu. Mfalme anamfukuza mji.

Basi ndipo ubishi ulipoanza. Mama alidai hadithi ya Masi ni ile ile ya kwao mlimani, wameivika kilemba tu. Masi alidai ya Mama ndiyo ile ile ya kwao, wameitia kwato. Walibishana hivyo miaka na miaka, wakicheka, mpaka wanaume wanatoka msikitini na mteja wa kwanza anauliza bei ya satini.

Mimi nilikuwa mtoto wa hasira za karibu, na hadithi hizi zilinikera. Simsemi fisi, wala kinyozi. Hao kazi yao inajulikana. Aliyenikera ni nyati. Mtu mzima, mapembe yote yale, anashindwaje kugeuza shingo akauliza? Nilimwuliza Mama hivyo siku moja nikiwa darasa la tano, nimeshika kiuno. Mama alicheka akasema nyati wote huuliza swali hilo wakiwa ndama.

Miaka ikaenda. Magoti ya Mama yakachoka na kusimama, akarudi Kilimanjaro kwenye migomba yake, na mimi, ambaye nilikuwa nimesoma mambo ya utalii na kuyachoka, nikachukua duka. Siku ya kuondoka Mama aliinama kwenye kidirisha akamwambia Masi kwamba anamwachia huyu binti, ni mkali ila si mbaya. Masi akajibu kuwa anajua, maana ukali mwingine kamfundisha yeye.

Na kweli alinilea upya. Alinifundisha kuchoma ncha ya uzi na kunusa, ili nisiuziwe nailoni nikaambiwa pamba. Alinifundisha kwamba mteja akishika kitambaa mara ya pili ni wakati wa kunyamaza, kwa sababu sasa kitambaa kinajiuza chenyewe na mdomo wangu utaharibu. Mteja akinunua kwangu nilimwelekeza kwa Masi akatafute uzi wa rangi ile ile. Akianzia kwa Masi na kipande cha mfano mkononi, aliletwa kwangu. Hatukuandikiana popote. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za Mama, na mafundi cherehani wa Gerezani mpaka Mchikichini walituzoea hivyo, duka moja lenye milango miwili.

Ng'ambo ya kichochoro kulikuwa na jirani wa tatu. Aliuza mapazia yaliyokwisha kushonwa. Simtaji jina, na hata angeniruhusu nisingemtaja, kwa sababu nampenda. Ni mwanamke wa makamo, mtoto wa pwani, mcheshi kiasi kwamba mteja aliyekosa pazia kwake huondoka akicheka. Kila asubuhi alituletea vitumbua, viwili vyangu, viwili vya Masi, akasimama mlangoni kwangu, mguu mmoja kizingitini, akatoa habari za mtaa mzima. Na vitumbua vyake, nisimsingizie, vilikuwa vitamu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka sita ya ndoa na sina mtoto. Nalisema hivi hivi kwa sababu wakati ule hakuna aliyelisema hivi hivi. Mawifi walisema "bado", mchungaji alisema "kwa wakati wake", daktari alisema turudi baada ya miezi mitatu. Mume wangu hakusema kitu, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Masi naye hakuwahi kuniuliza. Kila mwezi aliutazama uso wangu kupitia kidirishani, na kama mambo yalikuwa yale yale alinipitishia chai yenye tangawizi nyingi kuliko kawaida.

Mwaka huo huo binti yake, aliyeolewa Mwanza, akarudi nyumbani kujifungua. Ni mila yao, mimba ya kwanza mwanamke huzalia kwa mama yake. Familia yao inaishi ghorofani, juu ya duka, kwa hiyo nilimsikia mtoto siku aliyoletwa kutoka hospitali. Ni wa kike. Arobaini ilipopita, Masi akaanza kushuka naye dukani alasiri, ili mzazi apate usingizi kidogo. Siku ya kwanza aliyoshuka naye hakuzunguka kupita barazani. Alisafisha kingo za kidirisha kwa kitambaa, akampitisha mtoto pale pale tulipopitishia chai, kichwa kwanza, akaniambia, "Pokea."

Nikapokea. Alikuwa mwepesi kuliko jora dogo kabisa dukani. Nyuma ya sikio walikuwa wamempaka doa la wanja, na mwilini alitoa harufu kali, nzito, kama kitunguu saumu kilichosahauliwa kabatini. Nilishangaa, mtoto mzuri hivi ananukaje hivi, lakini huwezi kumwambia bibi wa watu kwamba mjukuu wake ananuka. Nilikaa naye robo saa. Nilipomrudisha, nilikwenda nyuma ya majora ya mapazia nikalia. Nilipotoka nikipangusa macho kwa ukingo wa kitenge, jirani yetu alikuwa mlangoni, ameshika sahani yake tupu aliyoifuata. Alinipigapiga bega akaenda.

Kesho yake alikuja bila sahani. Alianza na hali ya hewa, akaja kwenye foleni ya mwendokasi, kisha akashusha sauti. "Shoga, umesikia yule mtoto anavyonuka mvuje?"

Sikujua mvuje ni nini. Kwetu mlimani hatuna. Akanieleza kwamba ni utomvu wa dawa, unanuka vibaya makusudi, na kwao pwani mtoto mchanga hufungiwa kipande chake kwenye kitambaa cheusi mkononi, kumkinga na majini na macho ya watu wenye kijicho. Na lile doa la wanja nalo kazi yake ndiyo hiyo hiyo. Alinieleza taratibu, kama mtu anayefundisha mapishi. Halafu akasema, "Mtu hampaki mtoto mvuje bure. Na hapa dukani ni nani aliyempakata zaidi yako? Sikwambii ugombane. Nakwambia ujue tu, usije ukajipendekeza mahali unapoogopwa."

Nilimjibu, "Aa, wapi," nikaendelea kukunja jora la satini. Nililikunja vibaya, ikanibidi nilikunjue tena lote.

Ningekuwa naambiwa Masi ananipunja, ningecheka. Ningeambiwa amenisengenya, ningemfuata pale pale tukasemana na kunywa chai. Lakini niliambiwa kwamba Masi, aliyenitazama usoni kila mwezi kwa miaka sita bila kuniuliza, kumbe alikuwa akitazama jicho langu kama kitu cha hatari. Kwamba mimi ni yule mwanamke ambaye watu huwafunika watoto akipita. Hapo ndipo nilipokuwa nimejeruhika tayari, na mtu akikugusa kwenye kidonda huulizi kama amekusudia.

Alasiri ile nikasubiri. Masi alishuka na mtoto, nilimsikia akimwimbia. Hakumleta kidirishani. Siku ya pili, hakumleta. Siku ya tatu nilijitia nahitaji uzi wa kahawia, nikachungulia. Masi alikuwa amempakata, na aliponiona akageuka upande, akakipa kidirisha kisogo, akamfunika mtoto kwa upindo wa sari yake. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba harakaharaka, macho chini, akaniuliza kama Mama hajambo. Mtu aliyezungumza na Mama kwa simu asubuhi ile ile.

Basi. Nikawa nimepata ushahidi wangu.

Nilimwambia Masi kwamba vumbi la barabarani linaniharibia vitambaa vyeupe, nikakifunga kidirisha kwa ubao, nikapanga majora mbele yake mpaka juu. Alisema sawa, mwanangu. Kwa wiki tatu hatukuonana ila asubuhi tukifungua na jioni tukifunga, na salamu zetu zikawa za watu wanaopishana benki. Mama alipopiga simu na kuuliza habari za mwenzake nilisema yuko salama, anamsalimia. Uongo mtupu, na ulitoka laini.

Kuna jingine ambalo ningeweza kulificha, na ndilo ninaloona aibu nalo kuliko yote. Nilianza kuwaelekeza wateja Msimbazi kwa uzi na vifungo. Fundi mmoja mzee, mteja wetu tangu nikiwa sijui kuvaa viatu, alinitazama, akautazama ukuta, akaniuliza kama jirani amefiwa. Nikasema hapana, ila uzi wake siku hizi unakatika. Alichukua kitambaa chake akatoka, na kupitia mlangoni nilimwona akiingia kwa Masi kama kawaida yake.

Katika wiki hizo tatu jirani wa mapazia alikuwa mwema kuliko siku zote. Vitumbua vyangu vikawa vinne, vya Masi vilipelekwa mapema na haraka, na kikao kikawa kwangu. Alihama kutoka kizingitini akaja mpaka kwenye kona ya meza. Alicheka na mimi, alinisikiliza. Namkumbuka alivyokuwa na furaha, na si furaha ya mtu anayefanya ubaya.

Kisha ikaja Ijumaa moja, saa ile ile ya mtaa kunyamaza, na mtoto akaanza kulia upande wa pili. Si kile kilio cha njaa. Kilipanda kikikunjika, kikakatika, kikaanza upya juu zaidi. Nilipanga vitambaa. Nikapangua. Nilisikia Masi akitembea naye, akipiga ulimi, akiimba ule wimbo wake ambao hata mimi naujua. Dakika kumi, ishirini. Ningependa kusema kwamba nilikumbuka nyati na sikio lake. Sikukumbuka hata kidogo. Nilikuwa nimeisikia hadithi ile labda mara mia mbili, na haikunijia. Kilichoniinua ni kilio tu, miguu ilinyanyuka yenyewe, nikazunguka kwa barazani nikaingia dukani kwa Masi.

Alikuwa peke yake, ameketi kwenye stuli kati ya makopo ya vifungo, mtoto amelazwa mapajani tumbo wazi. Alikuwa akikoroga kitu cha rangi ya udongo kwenye kijiko, na maji ya vuguvugu. Ile harufu ikanipiga usoni. Nilikuwa nimekuja kusaidia, naapa, lakini nilipoinusa ile harufu hasira zangu zikanitangulia kusema.

"Masi, huo mvuje ni wa kumkinga na mimi?"

Aliinua uso. Hakuelewa. Nilimwona akitafuta maana ya swali langu, kwanza kwa Kiswahili, kisha naona kwa lugha yake, akakosa kote.

"Huu?" akasema. "Huu wa dengu. Tumbo limejaa gesi."

Akachovya kidole, akaanza kumpaka mtoto kuzunguka kitovu, taratibu, duara baada ya duara. Akanieleza bila kunitazama, kwa kuwa kazi ilikuwa mkononi, kwamba jikoni kwao mvuje haukosekani, chembe kidogo kwenye mafuta ya moto kabla ya dengu, na bila huo, dengu huvimbisha tumbo. Na mtoto akishikwa na tumbo hupakwa kitovuni, kwa nje tu. Bibi yake alipakwa, yeye alipakwa. "Wewe pia nilikupaka," akasema. "Mama yako alininunia siku mbili, eti mtoto wake amenuka mpaka kanisani."

"Na wanja?"

"Wanja ni wa macho ya watu wote. Hata yangu mimi. Bibi ndiye mbaya kuliko wote, anatazama sana."

Wakati huo mtoto, ambaye hakuwa akifuatilia mazungumzo, akajikunja, akawa mwekundu, akajamba. Lilikuwa jambo kubwa kuliko mwili wake. Kisha akanyamaza, akatutazama kwa mshangao, kama vile sisi ndio tuliofanya. Masi akaanza kucheka. Mimi nikacheka nikalia, vyote pamoja, nikaketi sakafuni kwenye maboksi ya lesi.

Ndipo nikamwuliza kwa nini aliacha kumleta mtoto kidirishani. Masi alimfunga mtoto nguo kwanza, kishikizo kimoja kimoja. Akasema aliambiwa. Aliambiwa kwamba siku ile nilipompakata mtoto yule, nilipomaliza nilikwenda nyuma kulia, na kwamba ni ukatili kumwekea mwenye njaa sahani mbele ya pua kila siku. Mwenye huruma angemficha. Akaona ni kweli, akajilaumu kwa kutoliona mwenyewe, akamficha. Nilipofunga kidirisha kwa ubao alidhani nimemshukuru.

Hatukuhitaji kuulizana nani kasema. Tulitazama ng'ambo ya kichochoro. Mapazia yalikuwa yananing'inia, na mwenyewe ameketi katikati yake, peke yake, akila chakula chake cha mchana.

Nilisimama niende. Nilikuwa na maneno yote tayari, mengine ya Kichaga. Masi alinishika kitenge, akanirudisha chini, akaniuliza swali moja: kwa miaka yote hii ya vitumbua, sisi tumewahi kumpa yule mtu kiti? Nilijibu kwamba si hoja, amechonganisha watu. Masi akasema ndiyo, amechonganisha. Na kiti hatujampa.

Jumatatu alipokuja na sahani, Masi alimwita ndani, akamwekea stuli, akampa chai. Mimi nilikaa pembeni nimenuna. Sikuwa nimepoa na sikujifanya nimepoa. Masi akamwambia, kwa sauti ile ile anayomwambia mteja kwamba zipu ya urefu huo hatuna, kwamba mvuje kwao ni kiungo cha dengu, na kwamba mimi na yeye tumeshaulizana. Jirani yetu alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa chai yote mpaka machicha. Hakuomba msamaha, nasi hatukumdai. Mpaka leo yuko ng'ambo ya kichochoro, ana kiti chake kwetu, na vitumbua ni vile vile. Tunampenda, na tunachunga tunachompa abebe. Sijui kama fisi wa hadithi ya Mama angealikwa chai ingebadilika nini. Mama nilipomuuliza alisema nisimharibie hadithi.

Lakini nirudi kwenye ile Ijumaa, kwa sababu haikuishia kwenye kucheka. Wanaume walikuwa wanaanza kurudi kutoka msikitini, mtaa unaamka, mikokoteni imeanza kupiga kelele. Masi alikuwa anafuta kijiko. Nilijua nikinyamaza hapo mambo yatakaa sawa. Tungekifungua kidirisha, chai ingepita, tungemtupia lawama yote mtu wa tatu na kuishi vizuri. Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichonikwama. Yule mwanamke hakuwa ametunga kitu. Nililia kweli. Na nikiwa nimempakata mtoto yule kwa robo saa ile, pamoja na utamu wote, nilikuwa nimemtazama nikawaza kwa nini huyu si wangu, kwa nini binti wa watu ndani ya mwaka mmoja, na mimi miaka sita. Niliwaza hivyo huku nikimbusu kichwani. Kama hilo si jicho baya, basi sijui jicho baya ni lipi. Nilikasirikia mvuje wiki tatu nzima kwa sababu niliamini unanistahili.

Sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Nilimwambia Masi pale pale sakafuni, nikiutazama mguu wa stuli.

"Hakukudanganya," nikasema. "Naumia. Na kijicho ninacho, Masi. Namwonea kijicho binti yako."

Hakushtuka. Alikiweka kijiko juu ya kopo, akafuta vidole vyake kwa upindo wa sari, kimoja kimoja. Nilidhani atanifariji, atasema hapana mwanangu, wewe huna moyo huo, kama wanavyosema watu wema. Hakusema hivyo. Aliinama, akamweka mtoto kwenye mapaja yangu, akanirekebisha mkono uliokuwa chini ya shingo.

"Basi mwonee kijicho ukiwa umempakata," akasema. "Mimi nina dengu jikoni."

Akachukua kopo lake la mvuje, akapanda ngazi kwenda juu, akatuacha wawili dukani.